Alama za Penseli kwenye Mguu wa Mwalimu

Ko!

Kata ya kifuu iligonga mdomo wa mtungi, halafu maji yakamiminika msalani kidogo kidogo, kwa hila, kama ya mtu asiyetaka kusikiwa. Adhana ya alfajiri ilikuwa bado. Bi Mwanakuu alikuwa macho kitandani. Alisikia maji, kisha akasikia kitambaa kikibanduka juu ya ngozi, na hapo akaketi.

Alijikokota mpaka mlangoni pa msala.

"Baba Athmani, unakifungua kidonda?"

"Natia udhu."

"Sista Truphosa alisema kisilowe."

"Truphosa ni mwuguzi mwema," mumewe alijibu kutoka gizani. "Lakini hakunisomesha mimi Kurani."

Mumewe alikuwa Mwalimu Kamaludin, ambaye nusu ya wanaume wa mtaa wa Kuze, Mombasa, walijifunza alifu na bee mbele ya bakora yake. Jumatatu ya wiki ile daktari alikuwa amemtoa uvimbe kwenye shavu la mguu wa kushoto, uvimbe mkubwa kama limau, aliokaa nao miaka minne. Haikuwa kazi kubwa. Alidungwa sindano ya ganzi, akakatwa, akashonwa nyuzi tano, na adhuhuri ikamkuta nyumbani.

Bi Mwanakuu hakumsahau yule mwuguzi. Benchi la wagonjwa lilikuwa limejaa mpaka nje, lakini Truphosa alimshika mkono, akamweka kando, akamwambia ayarudie maneno yake yote mpaka ayashike. Kidonda kikae kikavu. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kukigusa. Kitambaa kiwe kisafi. Kisitiwe kitu, si majivu, si manjano, si mafuta. "Na kikiwa chekundu mama, kikawa cha moto, kikauma zaidi badala ya kupoa, au kikatoa usaha, usingoje kesho. Mlete siku hiyohiyo."

Naye Mwalimu aliijua vyema sheria ya mtu mwenye kidonda kilichofungwa. Huosha palipo pazima, hupaka mkono wenye maji juu ya kitambaa, na hutayamamu kwa vumbi safi. Watoto wa chuo chake cha Kurani walikuwa wakiiimba kama wimbo. Ila kwa nafsi yake aliiona ni uvivu. "Ruhusa ni ya mgonjwa," alimwambia mkewe asubuhi ile huku akijifunga tena kitambaa kilekile kilicholowa. "Mimi si mgonjwa. Nimeshonwa tu, kama kanzu."

Bi Mwanakuu aligeuka kufunga mizigo. Kwa miaka thelathini na nane ya ndoa hakuwahi kumbishia katika mambo ya dini, akaona si adabu kuanza siku ya safari.

Siku ile, Alhamisi, walikuwa wanakwenda Jomvu. Mjukuu wao Tumu alikuwa anaolewa baada ya sala ya alasiri, na babu yake alikuwa ameahidi kufungisha nikaha kwa ulimi wake mwenyewe. Ulikuwa mwaka wa sitini na moja, mwaka wa mvua ile kubwa, na barabara ya bara ilikuwa imekatika. Iliyobaki ilikuwa njia ya maji, ndani ya hori la Tudor, ule mkono wa bahari uingiao bara, kwa boti ya injini ya Kalama.

Kalama alikuwa Mgiriama mwembamba wa maneno mengi. Boti yake ilikuwa na turubai la viraka na debe la mchanga la kupikia. Abiria wengine hawakuwapo ila mmoja, kijana wa Kikamba aitwaye Kioko, gadi wa gari la moshi. Reli nayo ilikuwa imesombwa huko juu, akapewa mapumziko, sasa anakwenda kwa kaka yake na gunia la viazi vitamu alivyonunua Voi. Alimpa Bi Mwanakuu mahali pakavu chini ya turubai. Yeye akakaa mvuani, na gunia akaliweka kavu.

"Viazi umevifunika, wewe umejiacha," Bi Mwanakuu alimwambia.

"Mimi nikilowa sitaota, mama," Kioko akasema, na wote wakacheka. Walikuwa wametoka pwani kitambo tu. Hawakujua kwamba wangecheka mara chache tena kabla ya Jumamosi.

Mvua kubwa zaidi iliwakuta katikati ya hori. Haikuja kwa matone. Iliteremka kama pazia lililokatwa kamba, na dunia ikapotea. Ng'ambo zote mbili zikafutika. Maji ya mito ya juu yalikuwa yakishuka mekundu, yamebeba migomba, mapaa ya vibanda, na mbuzi aliyevimba miguu juu. Kalama alisimama nyuma, macho ameyafinya, akiongoza kwa kukisia.

Gogo hawakuliona. Walilisikia tu, kishindo chini ya miguu, kisha mlio wa chuma kikisaga, kisha kimya cha injini. Kalama aliinama nyuma ya boti, akainuka uso umebadilika.

"Panga la injini limekatika."

"Una kafi?" Kioko aliuliza.

"Moja."

Walilipokezana lile kafi mpaka viganja vikatoka malengelenge. Haikufaa kitu. Ilikuwa bamvua, maji yamejaa kuliko siku zote za mwezi, na bahari iliyokuwa ikipanda ilikutana na mafuriko yaliyokuwa yakishuka. Boti ilizungushwa mara tatu kama kifuu, ikasukumwa ubavuni mwa hori, ikaingia mikokoni. Matawi yalirarua turubai. Waliingia ndani, ndani zaidi, wakipita juu ya mizizi iliyofunikwa na maji, mpaka shina moja nene likaikamata boti kwa kifua, ikakwama.

Walikaa wamekumbatia vilivyo vyao. Maji yalipokupwa walijiona walipo. Boti ilikuwa imelala juu ya tope jeusi, imezungukwa na mizizi iliyopindana kama vidole, na mlango wa kutokea haukuonekana.

"Maji yakijaa tena yatatuelesha," Mwalimu alisema kwa utulivu.

Kalama alichukua kafi akalichoma topeni. Likazama lote mpaka mkononi mwake bila kugusa chini.

*

Ijumaa asubuhi maji yalijaa, yakafika ubavuni mwa boti, yakasita shibiri moja chini ya alama ya jana, yakaanza kurudi.

"Ndivyo yatakavyokuwa," Kalama alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Jana ilikuwa kilele cha bamvua. Kuanzia leo kila maji yatakuwa mafupi kuliko ya jana, mpaka maji mafu. Mpaka bamvua lingine ni siku kumi na nne."

"Watatutafuta," Kioko akasema.

"Nani? Mjini wanadhani tumefika. Jomvu wanadhani hatukutoka kwa mvua."

Lililomtia Bi Mwanakuu baridi zaidi ni kwamba hawakuwa mbali. Mvua ilipopungua walisikia honi ya meli Kilindini, na filimbi ya gari la moshi likipangwa mabehewa. Walipiga kelele mpaka sauti zikakauka. Mikoko iliyanywa makelele yao yote. Kaa wekundu tu ndio waliotoka mashimoni, wakasimama wakiwatazama.

Walihesabu vitu. Maji ya kunywa nusu debe, na ya mvua waliyokinga kwenye turubai. Viazi. Kiberiti cha Kalama ndani ya kopo. Kipande cha sabuni ya mche cha Kioko. Na ndani ya bahasha ya nguo ya Bi Mwanakuu, leso mpya ya Tumu, jozi nzima kutoka Biashara Street, haijakatwa wala haijapindwa.

Mwalimu alijisogeza ukingoni. Aliinamisha mguu, akafungua kitambaa, akachota maji ya hori kwa kiganja akauosha. Usiku na alfajiri alikuwa amefanya hivyohivyo, na giza lilimficha. Sasa kulikuwa na mwanga.

Bi Mwanakuu aliuona mguu. Nyuzi zilikuwa zimezama katika nyama iliyovimba, na ngozi kuzizunguka ilikuwa nyekundu, inang'aa kama iliyopakwa mafuta. Harufu ilimfikia alipokuwa amekaa. Ilikuwa tamu, kama tunda lililooza.

"Baba Athmani," alisema taratibu, "unakuuma?"

"Kidogo."

"Kuliko juzi?"

Mwalimu alichota maji tena. "Maji ya chumvi ni dawa ya kidonda," akasema.

"Ya chumvi ndiyo, Mwalimu," Kalama alidakia. "Haya si ya chumvi. Haya yameosha vyoo vya watu tokea Rabai, na yule mbuzi tuliyempisha jana."

Kioko alikuwa amesogea. Alipiga magoti, akatazama bila kugusa, kisha akauliza kwa heshima, "Mzee, unaniruhusu? Reli walitufundisha huduma ya kwanza, sisi magadi. Si kazi ya daktari, lakini kidogo najua."

Alinawa mikono kwa sabuni na maji ya mvua, mpaka viwiko, kwa muda mrefu kiasi kwamba Kalama alianza kuguna juu ya kupoteza maji. Akaweka nyuma ya kidole juu ya wekundu, akakiondoa haraka. Palikuwa pa moto. Halafu alifanya jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Alitoa penseli mfukoni, penseli ya kuandikia namba za mabehewa, akaichora ngozi ya Mwalimu pembezoni mwa ule wekundu, duara zima.

"Unaniandika kama gunia?" Mwalimu aliuliza.

"Ili tujue wekundu unapokwenda, mzee. Ukibaki ndani ya mstari, tuna muda."

"Na ukitoka?"

Kioko alirudisha penseli mfukoni. "Tutachora mwingine."

Kalama alikwisha toa kipande cha tumbaku, anakitafuna. "Nyanya yangu alikuwa akitema tumbaku juu ya kidonda, kinakauka siku ya tatu."

"Sista Truphosa alisema kisitiwe kitu," Bi Mwanakuu alisema haraka. "Si majivu, si manjano, si mafuta."

"Tumbaku hakuitaja!"

"Angeitaja kama angekujua wewe."

"Basi mwite huyo Truphosa aje na mkokoni," Kalama alisema kwa hasira, akaitema tumbaku topeni. Lakini kisha alikwenda mwenyewe, bila kuombwa, kubambua magome ya mkoko, mti unaowaka hata ukiwa na unyevu, akawasha moto juu ya debe la mchanga. Aliisugua sufuria yake nyeusi kwa mchanga na sabuni mpaka akaona sura yake ndani. Bi Mwanakuu aliona yote hayo, akayaweka moyoni.

Walichemsha maji ya mvua. Kisha palihitajika kitambaa. Kile cha Mwalimu kilikuwa kimeshika rangi ya hori, na nguo zao zote zilikuwa na tope. Bi Mwanakuu alifungua bahasha. Aliitandua leso ya Tumu magotini, rangi yake ya komamanga ikiwaka katika ule weusi wote, akaipitisha mkono mara moja tu. Halafu akauma pindo kwa meno, akararua.

"Mama, ni ya harusi hiyo," Kioko alisema.

"Harusi itapata nyingine. Chemsha."

Vipande vilichemka mpaka maji yakatoka rangi. Waliyamwaga maji yale, wakachemsha tena, wakavianika juu ya kamba iliyonyoshwa vizuri, mbali na tope na nzi. Hawakukiminya kidonda. Walikanda tu kwa kitambaa chenye maji moto yaliyochemshwa, kwa upole, mara nyingi, mguu umeinuliwa juu ya gunia. Adhuhuri ikafika, Kioko akachora mstari wa pili. Wekundu ulikuwa umeupita wa kwanza kwa upana wa kidole.

Alasiri uzi mmoja ulikatika wenyewe na usaha ukatoka, mwingi, wa rangi ya mtindi uliochacha. Mwalimu aliuma mtandio wa mkewe. Waliukausha kwa vitambaa vilivyochemshwa, wakavitupa motoni kimoja kimoja, wakafunga kipya. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi uso wake ulilegea.

Kisha akatazama jua, akakadiria saa, akanyosha mkono kulifungua fundo.

"Unafanya nini?" Bi Mwanakuu aliuliza, ijapokuwa alijua.

"Alasiri imeingia."

Homa ilikuwa imeshampanda, meno yanagongana jua likiwa kali. Kioko alimtazama Kalama, Kalama akatazama topeni. Lile halikuwa jambo la mgeni. Hapo Bi Mwanakuu alijua kwamba wote waliokuwa wakingoja walikuwa wakimngoja yeye.

Hakumshika mkono. Alijisogeza, akaketi mbele yake na miguu ameikunja, kama mtoto wa chuoni.

"Mwalimu," alisema, "nina suala."

Mwalimu alisita. Kwa miaka arobaini hakuna aliyeuliza suala mbele yake asijibiwe.

"Uliza."

"Mtu ana kidonda kimefungwa. Maji yanakidhuru, watu wameona kwa macho. Akitaka kusali, afanye nini?"

"Anaosha palipo pazima," Mwalimu alianza, kwa ile sauti yake ya chuoni, "anapaka juu ya kilichofungwa, na anatayamamu. Na kama maji yenyewe ni ya madhara kwake, anatayamamu tu."

"Na asipofanya hivyo? Akasema yeye ni hodari, ruhusa hiyo ni ya wanyonge?"

Honi ya meli ililia mbali. Mwalimu aligeuka kuisikiliza.

"Mjibu mwanafunzi wako," Bi Mwanakuu alisema. "Nikikuzika kwa sababu ya maji, niwaambie nini watoto? Kwamba Mola alikupa mlango ukapita dirishani?"

Kaa walirudi mashimoni na kutoka tena.

"Amekosea," Mwalimu Kamaludin alisema mwishowe. "Mtu huyo amekosea. Mwenye kuikataa ruhusa kwa kiburi, amekosea." Aliuondoa mkono kwenye fundo. Halafu akatazama kulia na kushoto, na uso wake ukawa kama wa mtoto aliyepotea. "Lakini vumbi liko wapi, Mama Athmani? Mchanga ule una majivu ya moto. Hapa dunia yote ni tope."

Ndipo Kioko alipolivuta gunia lake. Alichagua viazi vya katikati, vile ambavyo mvua haikuvifikia, akavisugua kimoja kimoja juu ya kipande safi cha leso. Udongo wa Voi ulidondoka, mwekundu, mkavu, laini kama unga. Alisugua viazi vingi mpaka kikapatikana kiasi cha kujaa kiganja, akakiweka mbele ya Mwalimu kwa mikono miwili.

"Huu utafaa, mzee? Ni wa shambani tu. Haujakanyagwa."

Mwalimu aliutazama udongo, akamtazama yule kijana Mkristo. Akapiga viganja vyake juu ya vumbi, akapaka uso, akapiga tena, akapaka mikono. Alisali ameketi, mguu umelala juu ya gunia.

*

Jua lilipoanza kushuka Kioko alichora mstari wa tatu. Huu haukuwa duara. Ulikuwa mfupi, juu karibu na goti, kwa maana wekundu ulikuwa umetoa ulimi, uzi mwembamba uliokuwa ukipanda kuelekea paja.

Kioko akamwita Kalama mbele ya boti.

"Ukifika kwenye kinena?" Kalama aliuliza.

"Sijui. Walitwambia ukiona uzi huo, usingoje."

"Usingoje, usingoje. Kila mtu anasema usingoje, na sote tumekaa." Kalama aling'oa ubao wa sakafu ya boti, mrefu kama mtu, akaupima kwa macho. "Alfajiri maji yakitoka, nitautandika huu juu ya tope, nilale juu yake, niusukume. Wakata boriti humu mikokoni hufanya hivyo wakinaswa."

"Umewahi kufanya?"

"Nimewahi kusikia."

Bi Mwanakuu alimchomea Kalama viazi viwili, akamfungia. Alikumbuka alivyomkaripia juu ya tumbaku, akataka kusema neno. Kalama alimzuia.

"Usiniombee radhi, bibi, nitadhani ninakufa."

Jumamosi kulipopambazuka aliondoka. Walimwona akitambaa kama mjusi, kifua juu ya ubao, mikono ikizama mpaka mabega, akivuta, akipumzika, akivuta. Mara moja ubao ulipinduka, akazama mpaka shingoni, na Kioko akasimama kana kwamba angeweza kumfikia. Kalama alishika mzizi. Alibaki ameushika muda mrefu, kichwa kimelala. Kisha akaurudisha ubao, akaendelea, na mikoko ikamfunga.

Maji ya kunywa yalikuwa vikombe vitatu. Mvua iliyowaangamiza sasa iliwanyima hata tone. Kioko alisema hana kiu. Bi Mwanakuu aliona midomo yake imepasuka, akajua ni uongo, akamwachia uongo wake kwa kuwa ulikuwa wa hisani. Vikombe viwili vilichemshwa kwa ajili ya kidonda. Kimoja Mwalimu alikinywa kwa mafunda madogo.

Jua lilipopanda aliacha kuwatambua. Aliwasomesha mizizi ya mikoko, akiidhani ni watoto.

"Zein! Rudia. Usile herufi."

"Narudia, Mwalimu," Bi Mwanakuu alijibu kwa niaba ya Zein, akampepea, akamfukuzia nzi. Kila alipotaka kugusa kitambaa alinawa kwanza, mikono imekwisha kubabuka kwa sabuni. Kioko alichora mstari wa nne katikati ya paja, na wa tano juu ya huo. Penseli ilikuwa nyepesi, lakini kila mstari ulipoongezeka Bi Mwanakuu alihisi kama umechorwa kwa kisu kwenye mwili wake. Ule wa tano aliutazama saa nzima. Alijishawishi kwamba wekundu hauendi. Kisha akajishawishi kwamba unakwenda. Aliomba afe yeye kwanza, akaona ni ombi la uvivu, akarudi kupepea.

Maji yalikuwa yameshaanza kuingia tena chini ya mizizi waliposikia panga. Ta. Ta. Ta. Mtu alikuwa akikata matawi. Kioko alipanda juu ya mti akapiga filimbi ya ugadi, mara moja, mara mbili, mpaka mashavu yakamwuma, na sauti ya Kalama ikajibu kutoka ndani ya majani:

"Acha hiyo! Tumekusikia, gari halikuachi!"

Alikuja na ngalawa mbili za wakata boriti, yeye mwenyewe mweusi kwa tope mpaka kope. Nje ya mikoko boti ya serikali ilikuwa ikinguruma. Wanne walimbeba Mwalimu juu ya ubao uleule, na mguu wake wenye mistari ukiwa umefungwa leso ya rangi ya komamanga.

*

Hospitalini daktari alihesabu mistari mitano, akauliza saa ya kila mmoja, na Kioko akazitaja zote. Hapo daktari alijua ugonjwa unakwenda kwa kasi gani. Nyuzi zilizobaki zilikatwa, kidonda kikafunguliwa, kikasafishwa, kikaachwa wazi chini ya bendeji, na sindano za penisilini zikaanza. Siku ya kwanza hakuna aliyeahidi kitu. Siku ya pili wekundu ulikuwa pale pale, kwenye mstari wa tano. Siku ya tatu ulikuwa umerudi chini yake.

Sista Truphosa hakumgombeza mtu. Alivikagua vipande vya leso, akainusa ile iliyosalia, akamtazama Bi Mwanakuu.

"Ulivichemsha?"

"Mara mbili."

"Na mikono?"

Bi Mwanakuu akamwonyesha mikono yake iliyobabuka. Truphosa aliishika yote miwili, akaipaka mafuta mwenyewe, kidole kimoja kimoja, ijapokuwa benchi nje lilikuwa limejaa kama kawaida.

"Lakini maji, mama. Kidonda kililoweshwa tangu siku ya kwanza."

"Ni mimi," Mwalimu alisema kutoka kitandani. Sauti yake ilikuwa nyembamba. "Usimwulize yeye. Alinikanya. Ni mimi niliyejiona mzima."

Tumu alikuwa ameozwa na kadhi wa jirani. Alikuja na mumewe kumwona babu, akabusu mkono, akasema leso iliyochanwa hiyo ndiyo ataiweka kuliko zote. Kalama alikuja siku ya tano, bendeji viwikoni, akakaa dakika kumi, akatukana bei ya panga la injini, akaondoka. Mguu haukukatwa. Ulibaki na shimo la kuingia kidole gumba, na daktari akasema Mwalimu angechechemea maisha yake yote.

Kioko alikuja kila siku, mchana, na sare yake ya ugadi. Alikaa kwenye kiti cha chuma, akasimulia stesheni, na Mwalimu akasikiliza. Siku ya kumi na mbili alikuja amebeba mkoba. Reli ilikuwa imetengenezwa, gari la jioni lilikuwa lake, mpaka Nairobi.

"Basi mzee, nimekuja kuaga."

"Mungu akufikishe salama, mwanangu."

Kioko alisimama, akampa Bi Mwanakuu mkono, akafika mlangoni. Mwalimu Kamaludin aliangalia dari. Bi Mwanakuu alimjua mumewe kuliko alivyojijua mwenyewe. Maisha yake yote alikuwa hajamwomba mtu hata maji ya kunywa, aliyainukia mwenyewe.

"Kioko," Mwalimu aliita.

Kijana aligeuka.

"Nyumba yetu iko Kuze. Ukiuliza Mwalimu Kamaludin, hata mtoto atakuleta." Alitua, akatafuta pumzi. "Mimi sitaweza kukufuata stesheni kwa mguu huu. Sina nguvu hiyo tena. Kwa hiyo nakuomba wewe. Gari likikurudisha Mombasa, njoo unitazame."